Nyumba Iliyokosa Moshi

Kwa zaidi ya miaka miwili mama yangu aliniuliza swali moja karibu kila asubuhi: "Napanda lini?" Kwa sisi watu wa Usambara kupanda ni neno linalojitosheleza. Uwe Tanga, uwe Korogwe, uwe Dar es Salaam, ukisema unapanda kila Mshambaa anajua unakwenda Mombo, na pale Mombo unaanza kona za mlima. Mama alikuwa kwangu Tanga, kwenye joto, feni inazunguka usiku na mchana, naye amevaa sweta juu ya khanga kwa ukaidi tu, kama mtu aliyeshuka jana na kesho anarudi.

Nilikuwa namjibu, "Mguu ukipona, mama."

Nyonga ilivunjika akitoka kuchuma maharage, mvua imenyesha, njia inateleza. Hospitali walifanya walichoweza, wakasema asirudi mlimani mpaka atembee mwenyewe. Mtu wa umri wake, nani alitegemea atatembea? Mimi sikutegemea. Nilisema "mguu ukipona" kama mzazi anavyomwahidi mtoto baiskeli ili anyamaze. Kumbe mwenzangu aliniamini, na kila siku alikuwa anashika ukuta wa korido yangu, hatua tatu, hatua nne, anajifunza kutembea upya ili aende kwake.

Kwake ni juu ya njia ya Mlola, mahali ambapo ukungu unaingia jikoni bila hodi. Baba alijenga nyumba ile kabla hajaoa: matofali ya udongo aliyofyatua mwenyewe, bati juu, na chini ya bati miti ya kuezekea aliyoikata mwenyewe, si mbao za kununua. Jiko la mafiga lilikuwa ndani ya nyumba, si kwenye kibanda cha nje, na juu ya jiko kulikuwa na dari ya fito ambako mama alitundika mahindi ya mbegu. Kila kitu mle juu kilikuwa cheusi kwa masizi. Tukiwa wadogo tulikwenda shule tunanuka moshi, na watoto wa Lushoto mjini walikuwa wakiziba pua tukipita.

Tuko watatu. Kaka yangu mkubwa ana duka la vipuri vya magari Dar es Salaam. Mimi ni wa pili, mwalimu wa shule ya msingi. Mdogo wetu wa kike ni nesi Dodoma. Baba alipofariki tukaanza kuiita nyumba ile nyumba ya Idd, maana ndizo siku tulizoonekana: tunapanda na watoto wetu, tunakula siku tatu, tunapiga picha na ukungu, tunajaza mapeasi na kabichi kwenye buti la gari, tunashuka. Mama ndiye aliyekuwa anaishi. Sisi tulikuwa tunatembea. Lakini usithubutu kumwambia mmoja wetu kwamba ni mgeni pale, atakuonyesha kovu la goti alilolipata akianguka kwenye mti wa plamu.

Siku ile tunamshusha mama, amelazwa kiti cha nyuma cha gari, hakulia wala hakuomba maji. Aliomba aitiwe mama wa ng'ambo. Huyu ni jirani yetu, rika la mama, nyumba yake iko ng'ambo ya kijito na ndiyo maana sisi watoto tulimpa jina hilo. Yeye na mama walikuwa wakiombana makaa ya moto asubuhi tangu kabla mimi sijazaliwa. Mmoja akijifungua mwenzake analima mashamba yote mawili. Mama alimpa ufunguo kupitia dirisha la gari, akamwambia, "Usiniachie nyumba ilale baridi." Mama wa ng'ambo akaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga. Akasema kila siku ya tatu atawasha moto, na mama akafumba macho, akatuambia twende.

Mimi nililisikia hilo kwa masikio yangu. Sina pa kujificha.

Miezi michache baadaye, Idd imepita, nikapanda peke yangu na makopo manne ya rangi nyeupe. Nilitaka nyumba ipendeze. Nilikuwa na ndoto yangu kwamba mama akirudi atakuta kuta zinang'aa, na wajukuu watapiga picha bila kuona aibu. Nikafika, mlango uko wazi, moshi unatoka juu, na ndani mama wa ng'ambo amekaa kwenye kigoda cha mama yangu. Chungu chake kiko motoni, kuni zake zimepangwa ukutani, na mbuzi wake mmoja amefungwa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kaya."

Kaya kwa Kishambaa ni nyumbani. Anakukaribisha nyumbani kwenu. Sijui nieleze vipi jinsi neno lile lilivyonichoma. Shuleni kwetu mwalimu mwenzangu alikuwa ametoka kupoteza nyumba ya baba yake kwa mtu aliyeachiwa ailinde, na wiki nzima tulikuwa tunaambiana chumba cha walimu: mpe mtu ufunguo leo, kesho atakuletea mashahidi kwamba alizaliwa humo. Basi nikamtazama yule mama aliyenibeba mgongoni, nikaona mwizi wa nyumba.

Nikamwambia hapa si jikoni kwake. Nilisema kwa sauti ya mwalimu, ile ninayowatolea watoto wa darasa la tano. Nikamuuliza chungu kinafanya nini kwenye moto wa watu.

"Moto wa bure ni dhambi, mwanangu," akasema. "Kuni ziungue bila chungu? Nawasha kwa ajili ya nyumba, naweka na maharage."

Nikamwambia nyumba haili moshi. Nikamwonyesha masizi, nikamwonyesha makopo ya rangi. Yeye akaniambia taratibu kwamba miti ile ya baba haikutiwa dawa, dawa yake ni moshi. Ikikaa baridi na ukungu huu, wadudu watakula mpaka iishe. Hapo ndipo nilipotoa jibu ambalo siku ile nililiona la akili sana. Nilimwambia, "Miti haina mapafu, mama."

Alifungua pindo la khanga akanipa ufunguo, akaipua chungu chake kikiwa bado kinachemka, akakishika kwa majani ya mgomba, akavuka kijito. Kuni alirudi kuzichukua mafungu mawili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni namwangalia akizibeba, mtu wa umri ule, na sikumsaidia hata kuni moja. Nikashuka Mlola nikanunua kufuli kubwa la Kichina, nikapaka rangi siku mbili, nikapiga picha nikatuma kwenye kundi la familia. Kaka akaandika, "Hongera, sasa inafanana na nyumba." Nikavimba kichwa.

Niliporudi Tanga mama akaniuliza, "Moto unawashwa?"

"Unawashwa, mama."

Ungesema uongo mdogo. Nilijiambia nitamweleza siku nyingine, akiwa na nguvu. Ila uongo wa namna hiyo una tabia mbaya, ukishausema Jumatatu, Jumanne unakuja wenyewe. Wachuuzi wa mboga waliokuwa wakishuka Tanga walimletea mama salamu za mama wa ng'ambo, na mara ya kwanza nikasema leo naumbuka. Lakini salamu zilikuwa salamu tu: hajambo, mvua zipo, mbuzi amezaa. Yule mama hakunishtaki. Na mimi kwa ujinga wangu nikaona kimya chake ni dalili kwamba nilikuwa na haki.

Misimu ya mvua ikapita. Hakuna aliyepanda. Kwa kuwa mama alikuwa kwangu, Idd zote zikawa Tanga. Kila mara mmoja wetu alisema Idd ijayo lazima twende tukaangalie nyumba, wengine tukajibu kweli kabisa, na wali ukaendelea kuliwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walishasema, na fimbo yetu sisi ilikuwa mbali tena imefungiwa kufuli.

Ndipo kaka alipopata mnunuzi. Mtu anayejenga nyumba za wageni, watalii wanaokuja kutembea msituni, alikuwa ameona eneo letu kutoka barabarani akalipenda. Kaka akaja Tanga mwenyewe, akamwita na mdogo wetu kutoka Dodoma, tukakaa sebuleni kwangu. Mama alikuwa chumbani, mlango wazi, na sisi tunanong'ona kama wezi, mpaka tukasahau kunong'ona.

"Nyumba ya kulala siku tatu kwa mwaka," kaka akasema, "na sasa hata hizo tatu hatulali. Tunamdanganya nani?"

"Mama angali hai na wewe unauza kitanda chake," nikamwambia.

"Kitanda chake kiko pale," akanyoosha kidole kuelekea chumbani. "Hospitali iko hapa. Akianguka tena kule usiku wa mvua, ni wewe utambeba mpaka barabarani?"

Nikamwambia yeye tangu alipoanza kuuza vipuri anaona kila kitu ni kipuri, hata mama. Akaniambia mimi tangu utotoni napenda kuwa mtoto mwema kwa mali ya watu wengine. Mdogo wetu akawa anageuza shingo huku na huku. Akisikia maneno ya kaka anasema kweli. Akisikia yangu anasema kweli. Nikamkaripia, nikamwambia aache kuwa bendera, mtu mzima ana watoto watatu hana msimamo. Akalia. Sisi ni watu wa kupendana sana tukiwa mbali.

Mama akaita kutoka chumbani. Tukaingia, tukamkuta amesimama. Amesimama mwenyewe, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine uko hewani, haujashika kitu. Akatuuliza kama ni kutembea, anatembea. Sasa imebaki nini?

Sikatai, kaka yangu ana ukali lakini si mtu mbaya. Akasema, "Sawa. Twende tukaione. Ikiwa inakalika, siuzi, na nitampandisha mama kwa gari langu, nitamtafutia msichana wa kumsaidia. Ikiwa haikaliki, mtasaini wote bila neno." Akanitazama mimi. "Umekubali?"

Nikasema nimekubali, tena kwa majivuno, maana nilikuwa nimeiacha nyumba nyeupe kama maziwa. Mama akasema na yeye amekubali. Akasema hana wasiwasi na nyumba, maana ameiacha kwa mwenzake. Jioni ile alikunja nguo zake zote, akafunga mzigo wake, akala kuliko siku zote.

Tulipanda sisi watatu kesho yake alfajiri. Njiani tulikuwa tunacheka. Kaka alipiga zile kona za Soni huku anatukumbusha nani alikuwa anatapika kwenye basi na kona ipi, na mdogo wetu akasema labda siku hizi tungekuwa tunakuja hata bila Idd. Mimi nilikuwa na ufunguo wa kufuli kwenye pochi. Mpaka tunafika Lushoto nilikuwa mtu mwenye furaha, na naitaja furaha hiyo kwa sababu sijaipata tena.

Kufuli lilikuwa limeshika kutu, ufunguo haukuzunguka. Kaka akalipiga kwa jiwe. Mlango uliposukumwa haukufunguka, ulianguka ndani.

Sitaki kueleza sana. Upande wa jikoni bati zilikuwa zimeteleza, mvua za misimu yote zilikuwa zimeingia, na ukuta wa nyuma ulikuwa umerudi kuwa udongo. Rangi yangu ilikuwa imebanduka kwa mapande makubwa, nyuma yake ukungu mweusi. Sakafu nzima ilikuwa na unga wa miti, mlaini kama wa sembe, na unga ule ulikuwa bado unadondoka, unausikia ukidondoka. Kitanda cha mama kilikuwa kimevimba maji. Kaka alikuwa amemwita fundi kutoka Mlola atupe ushauri wa ukarabati. Yule fundi aliingia hatua mbili, akainua mkono akabonyeza mti mmoja wa paa kwa dole gumba, na dole likazama lote.

"Tokeni nje," akatuambia. "Hii inakuja chini wakati wowote." Tulipokuwa nje akasema nyumba za namna ile za wazee wake zipo nyingi bado zimesimama, zina miaka kuliko sisi, lakini hii iliachwa baridi. Hapa hapajawashwa moto, akasema. Akauliza nani alikuwa anaiangalia.

Mama wa ng'ambo alikuwa ameshavuka kijito. Alituona tangu tunapaki gari, akaja mbio kwa mwendo wake, anafuta mikono kwenye khanga, na alikuwa anatabasamu, maana alidhani tumemleta mama. Alichungulia ndani ya gari kwanza. Tukamwamkia. Kaka hakungoja hata aulize hali.

"Mama, si uliachiwa ufunguo? Si ulimwahidi mama utawasha moto kila siku ya tatu? Moto gani uliwasha humu?"

Yule mama akanitazama. Hakunitazama sana, ni kama unavyomtazama mtu kumuuliza kama ana la kusema. Mdogo wetu alikuwa analia, fundi amesimama pembeni, kaka ametoa macho. Na mimi mdomo ninao, ulimi ninao, kazi yangu ya kila siku ni kusema mbele ya watu. Nikaangalia chini.

"Nilizeeka, mwanangu," akamjibu kaka. "Miguu ilikataa kuvuka kijito. Mnisamehe."

Alikuwa amevuka kijito sasa hivi, mbele ya macho yetu.

Kaka alisema maneno ambayo sitayaandika yote. Alisema kikulacho ki nguoni mwako. Alisema mama alimwamini kuliko watoto wake mwenyewe. Yule mama alisikiliza yote mikono imekunjwa, halafu akasema basi, nyumba ikishakuwa hivi, mleteni mama yenu akae kwangu, chumba kipo, na moto upo kila siku. Kaka akacheka kicheko kibaya. "Umeshindwa nyumba, utaweza mtu?" Akaingia kwenye gari akafunga mlango.

Pamoja na yote yule mama alikwenda akatuletea ugali na maharage, kwa sababu mgeni wa kutoka mbali haondoki na njaa. Kaka hakula. Mdogo wetu alionja. Mimi nilimfuata jikoni kwake kurudisha sahani, nikafunga mlango nyuma yangu, nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini mbele ya kaka yako? Mmekuja mmegombana tayari, naona nyuso. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi sitaki kuwa ugomvi wenu." Akawa anasuuza sahani. "Lakini mama yako utamwambia wewe. Usinifanye mwongo kwake. Mwambie, kisha mlete hapa. Sijakukasirikia kiasi hicho."

Nikamuahidi. Nilimshika mikono miwili nikaapa kwa Mwenyezi Mungu.

Tulifika Tanga baada ya magharibi. Mama alikuwa sebuleni, sweta mwilini, mzigo miguuni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: mama, nina kosa. Matatu tu, hata mtoto wa darasa la kwanza angeyasoma. Lakini kaka alitangulia kuingia. Akapiga magoti mbele ya mama, akamshika mkono, akamwambia nyumba imekwisha. Mama akauliza imekwishaje. Kaka akamwambia mwenzako hakuwasha moto hata siku moja, aliiacha.

"Nani?" mama akauliza.

"Mama wa ng'ambo. Amekiri kwa kinywa chake, tumesikia wote."

Mama akanigeukia. Kila siku kwa miaka miwili na zaidi nilikuwa nimemwambia unawashwa, mama, na sasa aliniuliza, "Na wewe ulikuwa unaniambia unawashwa?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa mbele yangu, nikaufunga mwenyewe. Nilisema, "Ndivyo nilivyokuwa naambiwa, mama."

Mdogo wetu akamtajia ile habari ya chumba. Akamwambia yule mama amesema akakae kwake, kama anataka bado anaweza kupanda. Nilimshukuru moyoni, nikadhani labda Mungu amenifungulia njia ya kupita bila kusema. Mama alifikiri. Akauvua ule ukaidi wote nikiona, akalegea kwenye kiti akawa bibi kizee. Akasema, "Nyumba ni udongo, ingeanguka tu. Lakini yule. Nikapande kwa nani sasa?" Akaomba apelekwe kitandani.

Wiki iliyofuata tulisaini. Mama hajui kuandika, alipaka dole gumba wino, na mimi ndiye niliyemshika kidole nikakikandamiza kwenye karatasi. Nyumba ikabomolewa, wameshaanza kujenga vibanda vya wageni. Kaka ananipigia kila Jumapili, mpole kabisa, tumepatana. Aliniambia kwamba aliogopa nitamlaumu maisha yote, na kwamba mimi ni mtu muungwana kuliko alivyodhani. Nikamwambia yaliyopita si ndwele.

Mama hashiki ukuta tena. Fimbo iko nyuma ya mlango. Anakula vijiko viwili vitatu, anasema inatosha, na nesi wetu wa Dodoma anatuma majina ya dawa za hamu ya kula, nanunua, hazisaidii. Nalijua linaloweza kusaidia. Nikiingia chumbani asubuhi na chai naapa kwamba leo, na nikitoka na kikombe kimejaa vilevile najiambia kwamba nikimwambia sasa nitamuua kabisa, bora amchukie jirani kuliko mtoto aliyebaki kumwogesha. Nadhani kuna ukweli ndani yake. Lakini najijua, ninachookoa ni uso wangu.

Mama wa ng'ambo hana simu. Siku hizi Ijumaa mchana anaazima ya mkwe wake. Ijumaa hii nayo imelia. Nikaweka sauti ya nje, nikamwambia mama ni mwenzako. Mama akageukia ukutani.

"Mwambie nimelala."

Nikatoka nayo koridoni, nikazima sauti ya nje. Nikamwamkia, nikamwambia amelala.

"Kila siku amelala," akasema. "Mwanangu, ulimwambia?"

Nikasema, "Nilimwambia, mama. Yote."

"Ukamwambia kwamba ufunguo sikuwa nao?"

"Nilimwambia."

"Na bado hataki kuja kwangu?"

"Bado."

Nilimsikia akihema, na nyuma yake watu wanaongea Kishambaa na mtu anapasua kuni. Hakuuliza kwa nini. Alisema haya, basi hatampigia tena asije akamsumbua, tumwombee. Akaniambia na mimi nipumzike, uuguzi ni kazi nzito, akanishukuru kwa kumtunza mwenzake. Simu ikakatika. Nilirudi chumbani, mama akaniuliza amesema nini, nikamwambia anakusalimia.